Siku Nne Nilizomwacha Kidoti Gizani

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma.
Jumapili mchana, tarehe 17.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya mwezi uliopita, ambao sikukuandikia hata mstari mmoja. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Mama anasema bado linakusumbua ukipanda ngazi, na kwamba daktari amekukataza kubeba vitu vizito. Najua ulimwitikia daktari vizuri sana, kisha ukatoka hapo ukaenda kubeba gunia. Baba Mdogo je, kikohozi kimemwachia? Na wale mapacha wameota meno ya mbele, au bado wanacheka kama wazee?

Sisi huku ni wazima. Mama anakula, analala, anagombana na redio yake kama kawaida. Mimi mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba wiki nzima nilikuwa nimejikunja kwenye dari ya duka la mwoka mikate nikipitisha nyaya, lakini si wa kulalamikia. Ukiacha hayo, afya ipo.

Barua uliyomwandikia Kidoti ilifika. Najua kwa sababu alinisomea yote, tena mara mbili, akiwa amesimama mlangoni kwake na funguo mkononi. Ulimpongeza kwa nyumba yake ya kwanza. Ulimwita mwanamke kamili. Na ndani ya kifurushi ukamwekea pazia, lile la maua ya buluu, ukingo umeutarizi kwa mkono wako. Kifurushi hicho, Mama Mdogo, ni mimi niliyekitoa posta nikakibeba kwapani, jua linawaka, nikiamini ndani kuna na changu. Nilikipapasa njia nzima. Hakikuwa na changu.

Basi nisikuzungushe. Naona wivu. Nimeona wivu mwezi mzima, asubuhi, mchana na jioni, na wivu huo umenifanya nitende jambo ambalo sijawahi kulitenda. Wewe ndiye uliyeniita Bisibisi nilipokuwa na miaka sita, nilipofungua saa yako ya ukutani nikashindwa kuirudisha. Hukunipiga siku ile. Ulikaa tu ukanisubiri niseme. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Kidoti ni mdogo wangu kwa miaka tisa. Nilimbeba mgongoni. Ile alama nyeusi ya kidevuni iliyompa jina, mimi ndiye niliyeiona kwanza, nikadhani ni uchafu, nikaisugua mpaka mtoto akalia. Leo ana mlango wake mwenyewe, ana kengele ya mlango, ana kisanduku cha barua chenye kufuli. Mimi nina miaka thelathini na tisa, nimeweka umeme kwenye nyumba za watu mpaka nimepoteza idadi, na nalala chumba kile kile cha nyuma chenye soketi moja, nayo iko nyuma ya kabati. Nikitaka kuchaji simu nalala kifudifudi sakafuni nikiingiza mkono mvunguni. Fundi umeme mzima!

Utaniuliza mbona sikuhama. Kila nilipotaka kuhama palikuwa na jambo. Kwanza Baba aliugua, kisha Baba akafariki, kisha Mama akawa anaogopa kulala peke yake, kisha ikawa mazoea na hakuna aliyekumbuka kuniuliza. Mama huwaambia wageni kwa fahari, "Huyu ndiye nguzo ya nyumba yangu." Wageni hutikisa vichwa, nami huenda kuwatengea chai.

Siku ya Kidoti kuhamia ilikuwa Jumamosi. Alikuwa amenipigia simu wiki moja kabla. "Dada, njoo uniwekee mambo ya umeme na gesi, mimi sijui hata pa kuanzia." Nilifurahi kidogo, nisiwe mwongo. Nikafungasha mkoba wangu wa kazi, nikaenda. Nyumba yenyewe iko ghorofani, mlango namba tatu, kwenye jengo la nyumba nne: chumba, sebule na jiko. Kuta zimepakwa rangi ya krimu na bado zinanuka upya. Soketi nilizihesabu. Tisa! Mbili ziko kitandani, moja kila upande, utadhani aliyejenga alikuwa amenisikia nikilalamika.

Nilizunguka nyumba ile nikitafuta kasoro kama mtu aliyetumwa. Bomba linatoa maji. Milango haikwaruzi. Mwishowe nikapata moja: dirisha la jikoni halifungi sawasawa, linabakiza upenyo wa upana wa kidole. Nilifurahi kuuona ule upenyo, Mama Mdogo, nikamwonyesha Kidoti kwa sauti kubwa. Yeye akasema hewa itaingia vizuri.

Nilianza na gesi. Muuza gesi alikuwa amembwagia mtungi mpya katikati ya sebule, na Kidoti alikuwa akiuzunguka kwa mbali. Unakumbuka anavyoogopa gesi tangu siku ile nyusi za Mama zilipoungua. Nikausogeza jikoni, nikafunga regulata, nikaunganisha mpira, nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kuona kama kuna panapochemka mapovu. Palikuwa salama. Jiko lake linajiwasha lenyewe, unageuza kitufe tu, tak, moto. Kwa Mama sisi bado ni kiberiti na kumwomba Mungu. Kidoti akasema, "Washa wewe, Dada. Nataka moto wa kwanza uwe wa mkono wako."

Ilikuwa heshima, na heshima naijua nikipewa. Lakini tayari nilikuwa na donge. Nikamjibu, "Washa mwenyewe, nyumba ni yako." Akawasha amegeuza uso pembeni, kisha akaruka akapiga vigelegele peke yake. Mimi nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Hapo ndipo Mama alipofika, amevaa nguo zake nzuri na ana kitu amekifunga kwenye leso. Kukifungua, ni testa ya Baba. Ile bisibisi ndogo yenye kitaa ndani ya mpini, mpini wenyewe umeshageuka rangi ya chai kwa jasho la mkono wake. Imening'inia kwenye msumari juu ya redio tangu tulipomzika. Mimi sijawahi kuichukua hata siku moja. Nilikuwa nasubiri kuambiwa chukua. Mama akampa Kidoti, akasema, "Baba yako awe nawe kwenye nyumba yako." Na mimi nimesimama pale pale, nyaya shingoni, mikono myeusi, mtoto pekee aliyerithi kazi ya mzee.

Kidoti akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akauliza, "Hii ni ya kufungulia nini?"

Baada ya saa moja nilimkuta anafungulia kopo la rangi.

Sasa soma polepole, maana hapa ndipo nilipokosea. Mita za umeme za nyumba zote nne ziko kwenye kabati moja chini ya ngazi. Juu ya kila mita mtu fulani zamani aliandika namba kwa rangi nyekundu: moja, mbili, tatu, nne. Kazi yangu ilikuwa kunakili namba ya mita ya Kidoti na kuipeleka ofisi ya umeme, iandikwe kwa jina lake, ili kila akinunua umeme uingie kwake. Kazi ya dakika tano. Lakini Baba alinifundisha nisiamini maandishi ya mtu nisiyemjua. "Zima, halafu usikilize nani anapiga kelele." Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Unazima mita, unatulia, anayelalamika ndiye mwenye mita. Nimefanya hivyo katika kila jengo, nimetukanwa katika kila jengo, na sijakosea hata mara moja.

Siku ile sikuzima. Nilisimama mbele ya kabati macho yanaona mita lakini moyo uko kwenye testa na lile kopo la rangi. Nilitaka kuondoka tu. Nikanakili namba ya mita iliyoandikwa tatu, Jumatatu nikaipeleka ofisini, karani akagonga muhuri bila kuinua uso, basi.

Kumbe aliyeandika zile namba, alipofika ghorofani alihesabu kutoka upande mwingine wa ngazi. Mita ya tatu inapeleka umeme nyumba ya nne, kwa mzee mshonaji wa suti. Mita ya nne ndiyo ya Kidoti. Mpangaji aliyetangulia alikuwa amebakiza umeme kidogo, na Kidoti akawa anatumia huo bila kujua, huku kila anachonunua kinakwenda kwa mshonaji. Naye mshonaji, nimekuja kujua baadaye, alikuwa akijisifu kwa wateja kwamba pasi yake mpya haili umeme kabisa.

Wiki tatu zikapita, na katika wiki hizo sikupumzika na habari za nyumba ile. Mama, ambaye miguu humuuma akitumwa dukani, alipanda zile ngazi mara nne. Akirudi ananihadithia: sakafu inang'aa, upepo unaingia vizuri, kile kimya kinampumzisha. Kimya! Kwani humu anayewasha redio tangu alfajiri ni nani? Nikawa naitika tu, "Ee, Mama," huku nasugua sufuria mpaka karibu nitoboe.

Jumatatu ya wiki hii inayoisha, jioni, Kidoti akanipigia. "Dada, umeme umekatika kwangu. Nimenunua, nimeingiza namba, mita imekubali, lakini giza. Na kwa mshonaji kunawaka."

Hata hakumaliza. Nilijua pale pale. Niliiona ile rangi nyekundu mbele yangu, nikajua namba zimepishana na nikajua ni mimi. Ilikuwa kazi ndogo: kuzima, kusikiliza, kwenda ofisini kusahihisha. Angekuwa na taa siku ya pili yake.

Nikamwambia, "Nitaangalia Jumamosi."

"Jumamosi? Leo si Jumatatu?"

"Nina kazi kwa mwoka mikate."

"Haya, Dada. Nitakusubiri."

Kazi nilikuwa nayo kweli. Ila njia ya kwenda kwa mwoka mikate inapita mbele ya jengo la Kidoti, na mkoba wangu wa kazi ulikuwa begani. Nilipita Jumanne, nilipita Jumatano, nilipita Alhamisi. Na nisikufiche kitu, nilijisikia vizuri. Jioni nilikaa chini ya taa ya Mama nikala chakula changu taratibu, nikawaza, na yeye aonje. Nyumba ina soketi tisa na zote zimekufa. Niliona kana kwamba kuna kitu nimerudishiwa.

Alhamisi magharibi, narudi kazini, niliinua macho nikaona mwanga hafifu wa buluu nyuma ya pazia lako, pale dirisha la jikoni. Nikadhani amenunua taa ya betri. Nikaudhika kwamba amejitafutia njia bila mimi.

Ijumaa asubuhi tunakunywa chai, Mama anacheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. "Mdogo wako! Si alikuwa anakimbia gesi? Siku hizi ndiyo taa yake. Anasema mshumaa ameuacha, anaogopa utaunguza pazia la mama yake mdogo. Basi jioni anawasha jiko, anafunga dirisha upepo usiuzime moto, anakaa pale pale mpaka usingizi umshike."

Kikombe kilinitoka mkononi. Moto wa gesi, Mama Mdogo, unakula hewa ile ile anayoivuta mtu. Chumba kidogo, dirisha limefungwa, pazia limeshushwa, na mtu amekaa humo kwa muda wa saa tatu, hata nne, jioni baada ya jioni. Hili kila mteja wangu namwambia kabla sijafungua mkoba: ukiwasha gesi, dirisha wazi. Mwoka mikate nilimwambia. Hata yule mwenye gereji anayeniita "mama wa nyaya" kwa dharau nilimwambia. Mdogo wangu wa tumbo moja sikumwambia, kwa sababu siku ile nilikuwa nimenuna.

Nilipiga simu, imezimwa. Nikatoka na kandambili. Mama ananiita nyuma, "Kuna nini? Kuna nini?" nami sigeuki. Nilikimbia mtaa mzima, mimi na mgongo wangu huu. Nilipofika juu nikabonyeza ile kengele niliyoionea wivu, haikulia, italia vipi bila umeme. Nikaugonga mlango kwa ngumi zote mbili. Aliyetoka kwanza ni mshonaji, mlango wa jirani, futi ya kitambaa shingoni, akauliza kama kuna moto. Nikaendelea kugonga. Sijui niligonga muda gani. Nilikuwa namwambia Mungu mambo ambayo sitayaandika hapa.

Kidoti akafungua. Amejifunika blanketi, macho mazito, uso umefifia. "Dada? Leo si Ijumaa? Kichwa kinaniuma tangu juzi, hata kliniki sikwenda." Unajua anapokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, na huyo hakosi kazi hata akiwa na homa.

Nilimpita bila salamu. Nikafunga mtungi, nikavuta pazia lako kwa nguvu mpaka pete mbili zikang'oka, nikasukuma dirisha likafunguka lote. Nikamkalisha pale kwenye upepo, nikamwambia vuta pumzi, vuta tena. Kisha nikampeleka zahanati, mkono wangu umemkumbatia kiuno kama tulivyokuwa tukienda shule.

Daktari alimsikiliza kifua, akamwekea hewa ya oksijeni, akamkalisha hapo mpaka rangi ikarudi. Aliniuliza lile jiko lina dirisha la namna gani. Nikamweleza, pamoja na ule upenyo wa kidole. Akasema, "Basi mshukuru huo upenyo." Kisha akaendelea kuandika. Mimi nilitoka nje. Kasoro pekee niliyoifurahia katika nyumba yote ndiyo iliyomlinda, kwa sababu mimi sikumlinda.

Tulirudi adhuhuri. Kidoti alikuwa na nafuu, akataka kushuka nami kwenye kabati la mita. Nikajipekua, testa yangu nimeiacha nyumbani kwa kukurupuka. Akapanda ngazi akaniletea ya Baba, ncha yake bado ina rangi ya krimu. Nikafungua kabati nikazima mita iliyoandikwa tatu. Juu kulikuwa na mlio wa cherehani ya mshonaji. Ukakatika. Kisha tukamsikia, "Nani huyo amenizimia? Nina suti ya bwana harusi hapa!"

Nikawasha tena. Nikamgeukia Kidoti, amekaa ngazi ya tatu, kidevu juu ya magoti. Nikasema kabla sijaogopa. "Namba zimepishana, na ni kosa langu. Nilijua tangu Jumatatu uliponipigia."

Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Dada, wewe taa ikimzimikia hata mtu baki unauliza maswali ishirini. Imezimika saa ngapi, ilipepesa kwanza, ulikuwa unapiga pasi, umesikia harufu yoyote. Jumatatu hukuniuliza hata moja. Nikajua umeshajua, ila hutaki kuja."

Nilimuuliza, maana mdomo wangu haujui kukaa. "Sasa kwa nini hukumwita fundi mwingine? Mshonaji si ana fundi wake?"

"Alinipa namba yake Jumanne. Nikamwambia asante, nina dada."

Mama Mdogo, nilikaa chini pale pale sakafuni nikalia kama mtoto. Mshonaji alishuka akitaka kugomba, aliponiona akasimama na sindano mdomoni, akarudi juu kimyakimya. Kidoti hakunibembeleza. Aliniacha nilie nimalize. Kisha akasema, "Na usifikiri sijakasirika. Nimekasirika sana. Siku nne, Dada. Ungeniambia tu una donge na mimi, ningekujibu." Nikamwambia donge lenyewe ni nini, lote, kuanzia soketi za kitandani mpaka kopo la rangi. Nilipofika kwenye kopo la rangi akaziba mdomo. Hakujua. Kweli hakujua.

Akanisukumia testa mkononi. "Ichukue. Niliipokea kwa sababu Mama alikuwa ananitazama." Nikaichukua. Mtu mwenye adabu angekataa kwanza mara moja au mbili, mimi sikukataa. Nimeisafisha kwa mafuta ya taa, na sasa iko kwenye mkoba wangu.

Mambo mengine yamekaa sawa. Alasiri ile ile nilikwenda ofisi ya umeme, kwa karani yule yule, nikasahihisha namba. Safari hii nilimngoja ainue uso. Jioni Kidoti aliwasha taa zote kwa mpigo, kisha akabonyeza kengele yake mwenyewe mara sita. Dirisha la jikoni nimelitilia kizuizi cha mbao lisifungike tena kabisa, na kuliko yote nimemwambia yale niliyopaswa kumwambia siku ya kwanza. Mshonaji, kwa aibu ya ile pasi yake, amejitolea kurekebisha zile pete za pazia na kulipunguza, maana lilikuwa linaburuzika sakafuni. Usikasirike, ukingo ulioutarizi hakuugusa.

Mama nilimweleza usiku huo huo. Alizima redio, jambo ambalo sijaliona tangu matanga ya Baba. Nilidhani atanitukana kwa ajili ya Kidoti, na nilistahili. Akaniuliza, "Kumbe uliitaka ile testa?" Nikasema, "Nilitaka kuulizwa, Mama." Akakunja na kukunjua ile leso yake. Jana asubuhi, amenipa mgongo anafuta meza, akauliza, "Ukihama utakwenda mbali au karibu?" Nikasema karibu. "Karibu wapi?" Nikamwambia, "Karibu, Mama, nitasikia redio." Akaiwasha.

Maana kule ofisini, Mama Mdogo, wakati karani anasahihisha namba ya Kidoti, niliomba fomu nyingine tupu ya kuandikisha mita. Imo humu kwenye daftari ninaloandikia. Jina langu nimeshalijaza, na kazi yangu, na saini. Nafasi ya anwani ya nyumba iko wazi bado. Kidoti anaijua hiyo fomu, Mama pia, na sasa wewe.

Usije ukafikiri wivu umeisha. Jana tulikwenda kwake mimi na Mama, akatuwashia jiko, tak, nikauhisi tena hapa kifuani. Lakini nilimwambia. Nikamwambia, "Naona wivu na jiko lako." Akasema, "Fungua dirisha kwanza." Tukacheka.

Nisalimie sana Baba Mdogo, mwambie anywe dawa yake asiifiche chini ya godoro. Wabusu mapacha kwenye fizi. Msalimie Shangazi Miwani, na yule jirani yako fundi viatu anayekusomea barua zangu kwa sauti macho yako yakichoka. Na kama ndiye anayesoma hapa, basi asimwambie mtu. Kidoti anakusalimu, anasema kichwa kimepona kabisa. Mama anasema atakuandikia, lakini unamjua.

Mungu akupe goti jipya na akuepushe na magunia. Mimi bado ni yule yule uliyemsubiri aseme kuhusu saa ya ukutani, mwanao akupendaye hata akiwa amenuna,

Bisibisi.

Nyongeza: Na mimi nitarizie pazia. Usisubiri nikutumie vipimo. Wewe anza tu, dirisha nitalitafuta.